Mwaka wa Mafuta ya Nyuki

Apondi alinikuta nimesimama mbele ya rafu ya asali katika supamaketi moja hapa Kisumu, miwani puani, nikisoma karatasi ya chupa ambayo sikuwa na nia ya kuinunua. Binti yangu ndiye aliyenituma. Tangu daktari aniambie kwamba sukari yangu imepanda, huyu mtoto amegeuka mwalimu mkuu: kila jioni ananitumia kwenye simu orodha ya vitu vya kutia kwenye chai badala ya sukari, sharubati ya tende, sukari ya nazi, unga wa stevia, asali mbichi, asali ya msituni, kana kwamba nilizaliwa jana na sijawahi kuonja kitu. Nilikuwa nikinung'unika peke yangu, maana maandishi ya chupa za siku hizi yamepunguzwa mpaka labda sisimizi ndiye anayeweza kuyasoma, niliposikia sauti nyuma yangu: "Nyar Murang'a! Bado tu unanunua asali?" Hakuna aliyeniita hivyo, binti wa Murang'a kwa Kijaluo, kwa karibu miaka thelathini. Niligeuka nikamwona Apondi, mvi zimemjaa, mnene kuliko mama yake alivyokuwa, na kabla sijamkumbatia moyo uliniruka kwa sababu ya lile swali. Je, alikuwa akitania, au alikuwa anajua?

Alikuwa akitania, nadhani. Tulikumbatiana mpaka mwenye kusukuma mikokoteni akatuomba njia, tukashikana mikono, tukaulizana habari za watoto na magoti, akaniambia anakaa Mamboleo sasa na kwamba Jumapili lazima nije kula kwake, hataki kusikia hadithi. Nilikubali. Kisha nikarudi nyumbani bila chupa yoyote, nikakaa jikoni na koti langu mwilini, nikaona kwamba siku imefika. Kuna maneno matatu niliyomwambia mama yake nikiwa na miaka ishirini na moja, na sijawahi kumwambia mtu mwingine kwamba niliyasema, hata marehemu mume wangu, ambaye nilimwambia mambo mengi yasiyomhusu. Nilisema, "Asali si sukari." Niliyasema kwa mama mwenye ugonjwa wa sukari, nikijua kwamba nesi ameniambia kinyume, na aliniamini. Jumapili ningemwambia Apondi. Nilikuwa na siku nne za kuogopa, na badala ya kuogopa nilijikuta nikiukumbuka mwaka ule wote, chumba kwa chumba, kwa hamu ambayo sikuitarajia.

Vyumba vyenyewe vilikuwa viwili tu, katika mtaa wa Nyalenda, kuta za udongo zilizopakwa saruji upande wa nje ili zionekane kama za maana. Mama Apondi alikuwa na hoteli katika chumba cha mbele: mabenchi mawili, meza iliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki yenye picha za matunda, jiko la makaa mlangoni ili harufu ya mandazi iwafikie watu barabarani kabla hawajaamua. Chumba cha nyuma tulilala watatu, Mama kitandani pake, mimi na Apondi kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule. Mimi nilikuwa nimekuja mjini kumuuzia jamaa yangu vitambaa dukani kwake, na chumba nilichoahidiwa kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Nilipoingia hotelini kwa Mama kunywa chai, na mfuko wangu miguuni, aliniangalia akaniuliza natoka wapi. Nikasema Murang'a. Akasema, "Murang'a yote hiyo, na umekonda hivi?" Siku hiyo nikalala pale, na sikuondoka mwaka mzima.

Hatukuwa na lugha moja ya nyumbani, kwa hiyo tuliishi katika Kiswahili, changu cha shuleni na chake cha sokoni. Tulibishana sana juu ya majina. Siku ya kwanza alinipakulia mahindi na maharagwe akasema ni nyoyo, nami nikasema hapana, hii ni githeri, akacheka mpaka akakaa chini. Uji wake aliuita nyuka, uji wa mtama na wimbi wenye ukwaju ndani, na mpaka leo nikipika uji bila ukwaju naona kama nimepika maji. Chai yake ilikuwa na sukari ya kutisha. Waendesha baiskeli za kubeba abiria waliiacha hoteli nyingine mbili wakaja kwake kwa sababu hiyo, na yeye mwenyewe alikunywa vikombe vitano au sita kwa siku, akionja, alivyosema, ili wateja wasidanganywe.

Kisha akaanza kunywa maji. Tulikuwa tukichota kwenye bomba la jirani, mimi na Apondi tukipokezana, na ghafla mtungi ukawa hautoshi. Alikunywa, akatoka nje, akarudi akanywa tena. Alianza kuona ukungu. Siku alipomwekea mteja chumvi kwenye chai, na mteja akainywa yote kwa heshima, nilimwambia twende hospitali. Apondi alikuwa kwenye masomo yake ya ushonaji, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Nesi alikuwa mama mfupi mwenye haraka. Mama alipotumwa nje na kichupa cha mkojo, nesi alinigeukia akasema, "Ni sukari. Aache sukari kabisa. Na vitu vitamu vyote, msidanganyane, asali, sukari nguru, soda, yote. Umenisikia?" Nikasema, "Ndiyo, Sista." Nilimsikia vizuri. Sitaki mtu afikirie kwamba nilisahau au kwamba sikuelewa.

Tulipofika nyumbani Mama alichukua mkebe wa sukari, akautazama kidogo, akaupeleka kwa jirani na kurudi mikono mitupu. Akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa. "Kwa hivyo sukari imeingia kwa damu," akasema. "Sasa mimi nitaonja aje chai ya watu?" Akaniuliza, "Na asali nayo? Amesema nini juu ya asali?" Nikamwona uso. Alikuwa ananiuliza kama mtoto anavyouliza kama atabebwa. Kisha akaanza kujisaidia mwenyewe: "Kwetu asali tunaita mor kich. Unajua hiyo ni nini? Ni mafuta ya nyuki. Mafuta, nyathina, mwanangu. Si sukari." Kwetu nako asali ni kitu cha baraka, wazee huitumia kutengeneza pombe ya siku ya mahari, na sikuwahi kusikia imemdhuru mtu. Na katika Kiswahili ugonjwa wenyewe unaitwa sukari, basi adui alikuwa na jina lake na sisi tulikuwa tumemfukuza kwa jirani. Lugha tatu zilikutana katika chumba kimoja na zote tatu zikawa upande wake. Nikasema, "Asali si sukari, Mama." Akapiga makofi mara moja, akasimama kuwasha jiko.

Hapo ndipo mwaka wenyewe ulipoanza, na aibu yangu ni kwamba ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote niliyoishi. Mama aliamua hoteli nzima iache sukari, maana hawezi kuuza asichoonja. Kila asubuhi ilikuwa majaribio. Tulianza na sukari nguru, ile ya mabonge meusi inayopikwa kwa maji ya muwa. Tuliitia kwenye sufuria ya chai ya maziwa inayochemka na maziwa yakajitenga, maji huku mabonge kule, wateja wakanywa strungi, chai ya rangi, siku hiyo. Apondi ndiye aliyegundua kwamba unaepua kwanza, unaacha chai itulie, ndipo unaitia, na ukifanya hivyo haikatiki na inakuwa na ladha ya moshi ambayo wengine walianza kuipenda. Mandazi ya asali yalitukera zaidi. Yalibadilika rangi upesi, nje kahawia, ndani unga mbichi, mpaka tukajifunza kupunguza makaa na kuyakata membamba. Ndizi zilizoiva mpaka maganda yakawa meusi zilifaa sana kwenye unga, hukuhitaji kutia kitu kingine, ila mandazi yake hayakulala, yakifika asubuhi ya pili yamekuwa kama sponji iliyolowa. Viazi vitamu tulivichemsha, tukavisaga, tukavikoroga ndani ya nyuka, na Mama akasema kama angejua, asingenunua sukari maisha yake yote.

Wateja nao walikuwa na maoni. Mzee Okelo, fundi wa baiskeli, alikuja kila siku saa nne, akakaa kwenye benchi la ukutani akatoa hukumu. "Min Apondi, hii ugonjwa ya sukari ni ya watu wa ofisi," alisema. "Wewe umeipata wapi?" Mama akamjibu kutoka jikoni, "Nimeipata kwa kukusikiliza wewe kila siku." Mwingine akasema dawa ni mwarobaini. Mwingine akasema sukari nguru haina neno, ni muwa tu, na muwa ni mti, nani amewahi kuugua kwa kula mti? Nilikuwa nikiosha vikombe nyuma ya pazia siku za mapumziko yangu na kuyasikia yote haya, na kila mtu aliyesema asali ni dawa alinipa nafuu kidogo. Niliwahesabu kama mashahidi wangu. Hata Mzee Okelo, ambaye hakuwahi kukubaliana na mtu, alisema asali ilikuwapo hata kabla ya hospitali.

Asali nzuri haikupatikana Nyalenda. Ya pale ilikuwa imechanganywa na maji ya sukari, na Mama aliijua kwa kidole kimoja tu. Kwa hiyo nilijitwika kazi ya kwenda Awasi kila Jumamosi baada ya duka kufungwa adhuhuri, kwa akina mama walioileta kutoka upande wa Kericho katika chupa za zamani, zimezibwa kwa magunzi ya mahindi. Nilijifunza kuinusa, kuigeuza chupa na kuangalia povu linavyopanda polepole. Nilirudi nayo nimeifunga kwenye leso ndani ya kikapu, na Mama alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri, ingawa angekuambia alikuwa akiangalia makaa. Alifungua gunzi, akachovya kidole, akafumba macho. "Nyar Murang'a," alisema, "wewe utaenda mbinguni." Hakuna mtu, kabla au baada, aliyenisubiri mlangoni namna ile. Mume wangu alikuwa mtu mwema na alinipenda, lakini alinisubiri akiwa ameketi.

Kuanzia mwezi wa pili Apondi ndiye aliyempeleka kliniki, kwa sababu jamaa yangu wa dukani hakutaka tena nitoke siku za kazi. Kila mara walipotoka kliniki niliuliza jioni, "Wamesema nini, Mama?" Na kila mara akanijibu, "Wamesema niko tu sawa," akaendelea kupeta wimbi wake. Apondi hakusema kitu. Alikuwa msichana wa maneno machache, nami nilifurahi kupita kiasi kwa lile jibu. Nilijiambia kwamba nesi alikuwa amezidisha, kama wanavyozidisha, ili watu waogope. Maji yaliendelea kwisha mtungini. Mama alikonda. Nilimwambia amependeza, na nilimaanisha, Mungu anisamehe.

Sasa najua mambo ambayo mtu yeyote mwenye simu anayajua. Najua kwamba damu haina lugha, kwamba asali na sukari nguru na sukari ya nazi na tende zikiingia mwilini zinafanya karibu kazi ile ile, hata ukiziita kwa majina ya heshima. Najua ndizi iliyoiva sana ni tamu kwa sababu ina sukari, na kiazi kitamu kina mahali pake lakini si bakuli tatu. Ule unga wa stevia haupandishi, nimepima mwenyewe kwa kile kimashine cha kidole, lakini una uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, na kwenye mandazi haufai peke yake, mandazi yanatoka yamesinyaa, hayana rangi. Njia niliyoishia nayo mimi ni ya uvivu: strungi yenye mchaichai au mdalasini, na uji wenye ukwaju usiotiwa kitu, na kuvumilia wiki tatu za kwanza mpaka ulimi usahau. Ulimi husahau. Kama ningejua hilo wakati ule, ningeketi na Mama wiki hizo tatu, ningenywa chai chungu pamoja naye, tungekunja nyuso pamoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba dawa ilikuwa kukaa naye tu, na kukaa naye nilikuwa nikipenda.

Mwishoni mwa mwaka, alasiri moja, alikuwa amesimama jikoni akigeuza mandazi nami nikikata unga nyuma yake. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua ambacho si mandazi. Niliangalia chini. Kaa jekundu lilikuwa limeangukia juu ya mguu wake, kati ya kanda za ndara, na limetulia pale, na yeye alikuwa akiimba wimbo wa kanisani. Nilipiga kelele. Aliangalia mguu wake kama mguu wa mtu mwingine, akalisukuma kaa kwa mwiko, akasema, "Haki, sijasikia kitu." Kidonda hakikupona. Tulikiosha, tukakifunga, tukakipaka hata asali, kwa sababu mtu alisema inaponya vidonda. Mwezi wa pili wa mwaka mpya hospitali walimkata mguu chini ya goti. Hoteli ikafungwa, watu wake wakaja kumchukua wakampeleka kwao Seme, na mimi na Apondi tukaachana pale kwenye kile chumba kitupu kama watu wanaoharakisha.

Nilimtembelea Seme mara moja. Alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, kitenge kimefunika mahali ambapo mguu haukuwapo, na ziwa likionekana mbali kati ya miti. Nilimpelekea sabuni na majani ya chai. Alinishika mikono, akaniuliza habari za duka, kisha akachungulia ndani ya kikapu changu, chini ya leso niliyokuwa nikifungia asali, akainua macho. "Hakuna ingine?" akasema. Nilidhani ananitania kwa ukali, kwamba amejua na ananionyesha. Sikuweza kumtazama. Nilisema nina safari, nikaondoka kabla ya chakula, na kwa Mjaluo hilo ni tusi. Alifariki kabla ya mvua kubwa. Kwenye mazishi nilisimama nyuma kabisa, nikaondoka bila kumsalimu Apondi, na ndiyo sababu hatukuonana miaka yote ile tukiishi katika mji mmoja.

Jumapili nilifika Mamboleo saa saba. Apondi alikuwa amepika samaki wa kukaanga na mboga za majani na ugali wa mtama, na tulikula vizuri, tukiwa wawili tu. Nilingoja mpaka sahani zikatolewa. Nilimfuata jikoni, nikasimama karibu na mlango ili nikifukuzwa nisiende mbali, nikamwambia yote: nesi alivyoniambia, Mama alivyoniuliza, nilivyojibu. Sauti yangu ilikuwa ya msichana anayeungama kwa mwalimu. Nilimaliza kwa kusema, "Mimi ndiye nilimwambia ni sawa, Apondi. Mguu wake ni mimi."

Apondi aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua. Akafuta mikono polepole, kila kidole. "Wewe," akasema, "hiyo ndiyo umebeba miaka yote hii?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mama alijua," akasema. "Mwezi wa pili tu. Sista alimuuliza anakula nini, akasema asali. Sista akamgombeza mpaka benchi yote ikageuka kuangalia. Mimi nilikuwa hapo, nilitaka kuingia chini ya meza. Tukatoka. Kufika kwa geti akanishika mkono hivi, kwa nguvu, akaniambia, 'Apondi, usiambie Nyar Murang'a kitu. Ukimwambia, ataacha kuniletea.'"

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ni mama yangu. Ningefanya aje? Kila usiku ulikuwa unalala hapo miguuni yangu na mimi nanyamaza." Nikamsogelea pale kwenye sinki. "Nilidhani utakuja kunilaumu mimi. Nilipokuona pale kwa rafu nikajikaza nikatania, lakini moyo ulikuwa unanipiga."

Tulisimama pale jikoni, wanawake wawili wazee, kila mmoja ameshikilia ukingo wa sinki. Nikamuuliza kama Mama alikuwa na huzuni aliposema vile, pale getini. Apondi akafikiria. "Huzuni wapi," akasema. "Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka tukafika Nyalenda."

Nilisubiri mzigo uondoke, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba mzigo huondoka. Badala yake nilipandwa na hasira, hasira safi, ya moto, kwa mama yule niliyemlilia nusu ya maisha yangu. Niko tu sawa! Alinitazama machoni kila mwezi akaniambia yuko tu sawa, na sukari ikimtafuna, akanituma Awasi kwa mapenzi yangu mwenyewe, akalamba kidole na kuniahidi mbingu. Nilisema kwa sauti, "Huyu mama ana akili kweli?" na Apondi akaanza kucheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka yote. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike nilikuwa na neno la kumgombeza, neno zuri na refu, na mtu wa kugombezwa hayupo.